Umetoa Upepo, Pedali Bado Inazama: Kutafuta Tatizo la Breki Kwenye Gari Lenye ABS

Gari limefungwa kalipa mpya mbele (vile vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski), au paipu iliyooza imebadilishwa, na upepo umetolewa kwenye matairi yote manne. Chupa mbili za mafuta ya breki zimekwisha. Ukikanyaga, pedali inashuka laini hadi karibu na kapeti; ukipampu mara mbili tatu inapanda; ukiachia ukasubiri kidogo, imerudi kule kule chini. Hapo mwenye gari anatumwa dukani kuleta chupa ya tatu, na fundi anaanza kusema pampu ya ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga ghafla, imekufa, au gari linataka mashine ya kompyuta.

Pengine ni kweli. Lakini chupa ya tatu haitajibu swali hilo. Kabla ya kumwaga mafuta mengine, tafuta ulaini umekaa wapi: kwenye matairi, kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), au kwenye ABS yenyewe. Hilo linawezekana kwa vibano vinne na vipande viwili vya paipu kuukuu, bila kompyuta yoyote. Gereji nyingi hapa Mwanza hazifanyi hivyo, na ndiyo maana pampu nzima za ABS zinang'olewa na kuuziwa mtu mwingine.

ABS imeongeza nini kwenye njia ya mafuta

Kwenye gari lisilo na ABS mafuta yanatoka masta silinda, yanapita kwenye paipu na mpira, yanafika kwenye kalipa au silinda ya dramu. Upepo ukiingia hauna pa kujificha sana. Unasukumwa hadi unatokea kwenye nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Gari la ABS lina bonge la aluminiamu katikati ya safari hiyo, mara nyingi ndani ya chumba cha injini, limechomekwa paipu mbili kutoka masta na nyingine zinazokwenda matairini. Ndani yake kila mkondo una vali mbili. Ya kwanza, ya kuingizia, hukaa wazi muda wote. Ya pili, ya kutolea, hukaa imefungwa. Nyuma ya hiyo iliyofungwa kuna chumba kidogo cha kupokea mafuta, na pampu ya umeme ya kuyarudisha juu.

Unapokanyaga breki kawaida, mafuta yanapita kwenye vali iliyo wazi tu. Chumba cha nyuma hakiguswi mpaka tairi lianze kuserereka na ABS iamke.

Kwa hiyo upepo ulioko kwenye njia ya wazi utatoka kwa njia ya kawaida ya kukanyaga na kufungua nipeli. Ulioko kwenye chumba cha nyuma hautoki hata ukimwaga ndoo nzima. Ila, na hapa ndipo wengi wanapopotea, huo wa nyuma kwa kawaida haufanyi pedali iwe laini, maana umefungiwa nje ya njia ya pedali. Dalili yake ni nyingine: pedali ilikuwa nzuri, siku moja kukanyesha, ukakanyaga kwa nguvu, ABS ikatetemesha mguu, na kuanzia hapo pedali ikawa sponji. Vali zilifunguka, upepo ukatoka mafichoni ukaingia kwenye njia ya kawaida.

Kumbe pedali iliyo laini mara tu baada ya kazi, kabla ABS haijafanya chochote, mara nyingi ina sababu nyingine. Isipokuwa kama pampu ya ABS yenyewe imebadilishwa au paipu zake zimefunguliwa zikamwaga kila kitu. Hapo upepo unaweza kuwa kila mahali.

Uliza kwanza kilichotangulia

Swali la kwanza kwa mwenye gari ni hili: breki ziliharibika kabla ya matengenezo au baada? Zikiharibika baada ya kubadilishwa kalipa, tatizo lipo karibu na hizo kalipa. Zikiharibika kidogo kidogo kwa miezi, fikiria masta, mafuta ya zamani na shuu (vipande vinavyosuguana na dramu) zilizolika. Kopo la mafuta likikauka katikati ya kazi kwa sababu kijana alisahau kuongeza, umerudi mwanzo kabisa: masta imekula upepo, na lazima ianze kutolewa upepo yenyewe kabla ya tairi lolote.

Swali la pili ni mafuta gani yalimwagwa. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja na zinaweza kukutana. DOT 5 ni ya silikoni, ni kitu kingine, haichanganywi nazo na haifai kwa ABS. Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya stelingi au ya gia ya otomatiki kuingia kwenye kopo la breki. Ukiwa na shaka, vuta matone machache kwa sindano kutoka kwenye kopo uyatie kwenye glasi ya maji. Mafuta halali ya breki yanachanganyika na maji na kupotelea humo. Yakielea juu na kufanya duara la mafuta, acha kutoa upepo. Raba zote za mfumo ule zimeanza kuvimba, na hakuna kusafisha kutakakoziponya.

Pedali iko chini, lakini je, ni laini?

Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna pedali laini, inayorudisha mguu kama imekaa juu ya mpira wa upepo. Huo ni upepo, au mpira wa breki unaovimba ukikanyagwa. Na kuna pedali fupi: inashuka chini sana, halafu ikishika inashika ngumu, haidundi. Ukipampu inapanda na kubaki ngumu. Hiyo si upepo. Ni nafasi kubwa mno kati ya shuu na dramu, au pedi na diski.

IST nyingi, Probox na Hiace zina dramu nyuma, na virekebishaji vyake vya kujikaza vyenyewe vimekufa kwa kutu na vumbi. Fungua dramu, safisha kile kijigurudumu cha meno, kaza mpaka shuu ianze kugusa kidogo unapozungusha tairi kwa mkono, kisha pima tena pedali. Nimeona gari likinyonya chupa baada ya chupa wakati dawa ilikuwa bisibisi na dakika kumi kila upande.

Diski nayo inaweza kudanganya. Hab (kitovu cha tairi) ikiwa na beringi inayocheza, diski inasukuma pedi ndani kila tairi linapozunguka, na mkanyago wa kwanza unakuwa mrefu. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, anzia hapo.

Jaribio la vibano

Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi busta, kile kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu, iishiwe nguvu. Chukua vibano vyenye midomo laini, vile vya kubania mipira, si koleo la meno, na bana mipira yote ya breki. Hiace na pikapu za ekseli nzima nyuma zina mpira mmoja tu katikati, kwa hiyo ni vitatu. Magari mengi madogo ni vinne. Mpira uliopasuka juu au uliokauka usiubane, ubadilishe. Mpira uliofumwa kwa waya wa chuma nao usiubane.

Sasa kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta ni nzima na ABS ni nzima kwa kazi ya kawaida. Umeshaokoa fedha nyingi. Toa kibano kimoja, kanyaga, sikiliza mguu. Kila tairi litakula kidogo, hiyo ni kawaida. Unatafuta lile ambalo ukiliachia pedali inaporomoka. Likipatikana, funga kibano chake tena, achia mengine, uhakikishe kwamba pedali imerudi juu. Tairi hilo ndilo lenye upepo, au kalipa iliyojam upande mmoja, au dramu isiyorekebishwa.

Pedali ikibaki laini mipira yote ikiwa imebanwa, tatizo liko juu ya mipira: masta, ABS, au paipu za chuma katikati. Hapo chukua vipande viwili vya paipu kuukuu vyenye nati zake, kunja na kuchomelea miisho yake, uvifunge kwenye matundu ya masta mahali pa paipu zake. Toa upepo hapo hapo kwenye nati. Kanyaga. Masta nzima haisogei hata kidogo baada ya mkanyago mfupi wa mwanzo. Ni kama kukanyaga sakafu. Ikizama polepole, raba zake zimekwisha. Ikiwa ngumu, basi sasa ndiyo una haki ya kuitazama ABS kwa jicho baya, baada ya kukagua paipu zilizobaki kwa kuvuja.

Ulaini uko kwenye tairi moja: angalia nipeli iko wapi

Hili linatokea sana baada ya kununua kalipa za mtumba. Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana, tofauti ni nipeli tu. Zikibadilishana upande, zinaingia vizuri, boliti zinakaa, kila kitu kinaonekana sawa, lakini nipeli inakuwa chini ya kalipa badala ya juu. Upepo unakaa juu ya mafuta. Utafungua nipeli hiyo hadi jioni na mafuta safi yatatoka, upepo umebaki umelala juu. Simama mbele ya tairi uangalie: nipeli iwe mahali pa juu kabisa. Kama haiko, badilishana kalipa.

Kwenye pikapu na Hiace zenye vali ya kupima mzigo, ile yenye mkono unaoshika ekseli ya nyuma, usitoe upepo ekseli ikiwa inaning'inia. Vali inadhani gari ni tupu na inabana mafuta ya nyuma. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe ili uzito ukae juu yake. Baadhi ya hizo vali zina nipeli yake, imejaa tope, na hakuna anayeikumbuka.

Utaratibu wa matairi kwa magari yetu ya usukani wa kulia, yenye masta upande wa kulia, kwa kawaida huanzia lililo mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Magari ambayo breki zake zimegawanywa kimshazari yana mpangilio wake.

Mapovu hayaishi

Kijana anakanyaga, anapiga kelele "nimeshika!", mwenzake chini anafungua, mapovu madogo madogo yanatoka kwenye mpira wa plastiki. Inarudiwa. Mapovu yako pale pale, hayapungui, hayaongezeki.

Angalia aina ya povu. Upepo wa kweli unakuja kwa mafungu: povu kubwa, au mfuatano, halafu mafuta matupu. Mapovu membamba kama ya soda, yasiyoisha, hasa ukitumia pampu ya kuvuta, mara nyingi yanaingia kupitia nyuzi za nipeli yenyewe ukishailegeza. Hayatoki ndani ya breki. Paka grisi ya silikoni kidogo kuzunguka shina la nipeli, au legeza kidogo tu, isizidi robo mzunguko, na usitumie mvuto mkali. Njia ya watu wawili haina tatizo hili kiasi hicho, ilimradi nipeli ifungwe kabla mguu haujaachia. Anayeachia kabla ya "funga" anavuta upepo ndani upya.

Na anayekanyaga akanyage taratibu. Kupampu kwa hasira kunakatakata povu moja kubwa kuwa elfu ndogo zinazoelea kwenye mafuta. Ikishatokea, liache gari lipumzike, mapovu yapande na kukusanyika. Kwa gari kuukuu weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho kabisa. Sehemu ya ndani ya masta ambayo pistoni haijawahi kufika ina kutu na uchafu, na raba zikipita pale zinachanika. Masta iliyokuwa nzima asubuhi inakufa mchana kwa sababu hiyo.

Nipeli iliyokwama usiilazimishe kwa spana ya mdomo. Tumia ringi au boksi linalokaa sawa, 8 au 10 kwa Toyota nyingi, mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, na kugonga kidogo. Kwenye kufunga haitaki nguvu kubwa, Nm 10 hivi.

Sasa ni ABS kweli

Masta ikiwa ngumu ikizibwa, mipira imebanwa na pedali bado laini, au pedali ililegea baada ya ABS kutetemeka, upepo uko ndani ya lile bonge. Kama lina nipeli zake juu, anza nazo. Mengi hayana.

Njia safi ni kompyuta inayoweza kuamuru pampu na vali za ABS: Techstream kwa Toyota, au mashine za Launch na Autel zenye sehemu hiyo. Kile kidude kidogo cha bluetooth cha kusoma kodi (namba za hitilafu) za injini kwa simu hakiwezi. Mashine inaendesha pampu kwa sekunde chache huku umekanyaga, inafungua vali, unatoa upepo kwenye nipeli, unarudia tairi kwa tairi. Fungia chaja kwenye betri wakati huo. Pampu inakula umeme, volti zikishuka programu inajikata katikati. Na mtu mmoja awe na kazi ya kutazama kopo peke yake.

Toyota za ABS ya kawaida, zisizo na mfumo wa kuzuia gari kuserereka kwenye kona, mara nyingi zinakamilika bila mashine. Kama mashine haipatikani na pedali tayari inashika kiasi cha kusimamisha gari kwa usalama, kuna njia ya barabarani. Toa upepo kawaida kwanza. Nenda kwenye barabara ya vumbi tupu, pana, isiyo na mtaro mkali wala watoto wa shule. Njia za pembeni huko Buswelu asubuhi mapema zinafaa. Mwendo wa 30 hadi 40, kanyaga kwa nguvu mpaka usikie ABS inakorofisha pedali. Fanya mara chache, rudi, toa upepo tena matairi yote. Pedali ikibadilika kati ya raundi, kuna kitu kinatoka, endelea. Ikibaki vile vile, usiendelee kuchoma mafuta.

Kwa Nissan, vitabu vya mifano mingi vinataka uzime ufunguo na uchomoe plagi ya ABS au waya wa betri kabla ya kutoa upepo kwa njia ya kawaida. Ni sekunde chache, lifanye.

Pedali inazama taratibu kwenye taa

Umesimama, mguu umeshika sawasawa, pedali inashuka yenyewe. Kwanza tofautisha na kitu cha kawaida: ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali inashuka kidogo mara moja. Hiyo ni busta imepata nguvu, ni dalili nzuri. Tatizo ni ile inayoendelea kushuka.

Tafuta kuvuja kwa nje kabla ya yote. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba zinadondosha maji ya barafu chini ya bodi siku nzima, na paipu ya breki inayopita juu ya ekseli ya nyuma haikauki. Ukiipitisha kidole unakuta ganda la kutu linalobomoka; ukifuta kwa kitambaa na kumwambia mtu akanyage, unaona tone linajitokeza kama jasho. Badilisha paipu nzima, usiunge katikati.

Bila kuvuja nje, masta inapitisha kwa ndani. Inawezekana pia vali ya kutolea ya ABS haifungi kwa sababu ya uchafu, mafuta yanakimbilia kwenye chumba cha nyuma. Jaribio la kuziba masta linawatenganisha wawili hao. Vali yenye uchafu mara nyingine husafika kwa mashine kuifungua na kuifunga huku mafuta mapya yakipita. Mara nyingine haisafiki.

Asubuhi nzuri, mlimani hakuna kitu

"Fundi, jana breki zilipotea kabisa nikishuka Bugando. Leo ziko safi."

"Mafuta ya breki ulibadilisha lini, mama?"

"Tangu ninunue gari sijayagusa."

Hapo hakuna haja ya kutafuta upepo. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, kupitia mipira na mfuniko wa kopo, na hewa ya pembeni mwa ziwa ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205; ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka Bugando au Isamilo mguu umelalia breki, gia iko D, kalipa inapata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo. Gari likipoa mvuke unarudi kuwa maji, pedali inakuwa ngumu, fundi wa asubuhi haoni kitu.

Dawa ni kubadilisha mafuta yote, lita moja inatosha magari mengi madogo, kutoka kwenye chupa iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu haina tofauti na uliyoyamwaga. Kisha zungusha matairi kuhakikisha hakuna breki inayoshika muda wote, na mlimani shusha gia iwe 2 au L.

Breki zinashika baada ya kazi

Gari lilikuwa zuri, sasa baada ya kilomita chache rimu haishikiki kwa moto. Tairi likiwa limeshika, fungua nipeli yake. Likiachia, shinikizo limenaswa kwenye mafuta. Lisipoachia, kalipa au pini zake zimejam. Kama limeachia, rudia hatua moja juu: funga nipeli, kanyaga lishike tena, legeza nati ya paipu inapoingia kwenye mpira. Halijaachia? Mpira umeoza kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda lakini haurudishi. Limeachia? Endelea kupanda hadi kwenye masta. Matairi yote manne yakishika kwa pamoja, fikiria fito ya busta iliyorekebishwa ndefu mno, au lile jambo la mafuta ya stelingi.

Taa ya ABS imewaka

Taa ya ABS haiwaki kwa sababu ya upepo. Inazungumzia umeme: sensa ya tairi, waya wake, rilei, volti. Ukibadilisha kalipa au hab na taa ikawaka, rudi kwenye waya wa sensa wa tairi hilo, huenda ulivutwa au plagi haikukaa. Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine: mafuta yamepungua koponi au hendibreki haijashuka.

Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zinasema zenyewe. Unganisha kwa waya tundu namba 4 na 13 kwenye plagi ya matundu 16 chini ya usukani, washa ufunguo bila injini, hesabu taa inavyopepesa. Kodi 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni umeme wa betri. Ukishatengeneza, waya ukiwa bado upo, kanyaga pedali mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5, kodi zinafutika. Namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, waya usiiguse.

Magari ya kuyaacha kwanza

Prius na haibridi nyingine za Toyota zina breki zinazoendeshwa na kompyuta. Kwa Prius, kufungua tu mlango wa dereva kunaamsha pampu. Nipeli ikiwa wazi na mkono wako pale, mafuta yanatoka kwa shinikizo kubwa mno. Bila mashine na maelekezo ya gari hilo, usiguse. Mercedes zenye breki za umeme, kama baadhi ya E-Class za W211, ni vivyo hivyo. Prado 120 na Land Cruiser 100 zenye busta ya haidroliki badala ya ile ya upepo zina akiba ya shinikizo: zima ufunguo, kanyaga mara 40 hivi, ndipo ufungue paipu au upime kiwango cha kopo.

Kabla halijatoka gereji

Injini ikiwaka, kanyaga kwa nguvu ushikilie dakika nzima. Pedali isishuke. Zunguka gari ukiangalia kila nipeli na kila nati kwa tochi wakati mwenzako bado amekanyaga. Jaribu kusimama ndani ya uwanja kwa mwendo wa kutembea, kisha 20, ndipo barabarani. Mafuta yaliyodondokea rangi yaoshe kwa maji mengi papo hapo. Yaliyotoka yaweke kwenye dumu lenye mfuniko. Mtaro wa gereji unaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani.

Weka alama kwenye kopo kwa kalamu, uangalie tena kesho yake. Yakishuka na hakuna tone chini wala kwenye dramu, fungua masta kutoka kwenye busta uchungulie kati yao. Sili ya nyuma ya masta ikivuja, mafuta yote yanaingia ndani ya busta, na sakafuni hutaona kitu.